Kupanga na Kukusudia: Uhakiki wa Tafsiri ya Kitenzi 'plan'

Makala haya mafupi yanahakiki mazoea yaliyoota mizizi katika tafsiri za wanafunzi wetu hapa Lubumbashi: kila wakutanapo na kitenzi cha Kiingereza 'plan', huandika 'kupanga' bila kusita.

Asili ya maneno haya mawili si moja. Neno la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa, likiwa kwanza nomino yenye maana ya mchoro juu ya karatasi. Kitenzi kilifuata baadaye, na leo hubeba hata nia iliyomo moyoni tu. 'Kupanga' ni kuweka vitu kwa mstari au kwa taratibu: vyombo, matofali, watu. Maana ya kuandaa mambo yajayo imejengwa juu ya msingi huo.

Kwa hiyo, mwenye nia tu amekusudia au amenuia. Aliyekata shauri ameazimia. Anayechora nyumba anachora ramani. Wanaotaka kumdhuru mtu wanakula njama. Amepanga safari yule aliyekwisha kuweka siku, nauli na mahali pa kufikia. Mwalimu Nyerere alipoeleza mwaka 1969, wakati wa kuanzishwa kwa Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania, kwamba kupanga ni kuchagua, alikitumia kitenzi hiki mahali pake, kwa kuwa mambo yaliwekwa kwa utaratibu, mengine mbele na mengine nyuma.

Huenda msomaji akasema kwamba lugha hukua, na kwamba magazeti yamekwisha kukubali 'anapanga kuondoka'. Hoja hiyo ina uzito, lakini tazama hasara yake. Tangazo likisema kwamba wakubwa 'wanapanga' kutengeneza barabara, raia hudhani kuwa fedha na tarehe zipo, kumbe iliyopo ni nia tu. Mfasiri aliyeandika 'wanakusudia' angalimwambia ukweli.

Isitoshe, Kiswahili kina utajiri ambao 'plan' haina. Kwa mnyambuliko tunapata 'kupangia' na 'kupangua'. Mji wetu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulipangwa kwa barabara zilizonyooka, na eneo tupu likatenga makazi ya Wazungu na yale ya Waafrika. Kusema 'mji ulipangwa' ni kweli nusu. Waafrika walipangiwa mahali pa kukaa, na kiambishi hicho kimoja kinafichua kwamba mpangaji alikuwa mwingine. Nao wahenga husema binadamu hupanga, Mungu hupangua.

Twawasihi basi wanafunzi wetu, kabla ya kuandika 'kupanga', wajiulize mambo mawili: je, kuna utaratibu uliokwisha kuwekwa? Na je, ni nani aliyeuweka, kwa ajili ya nani? Jibu ndilo litakalochagua kitenzi.