Furukombe wa Ziwa Natron

Katika kitabu cha Nick Brandt, Across the Ravaged Land, kilichotoka mwaka 2013, imo picha ya furukombe aliyekufa katika Ziwa Natron, Tanzania. Mwili umekakamaa kwa magadi, lakini amekaa tawini kana kwamba angali akiyalinda maji. Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe tu, na uzuri wake unatisha.

Mpiga picha hakuficha: aliwaokota ndege hao ukingoni wakiwa wamekufa, akawaweka katika mikao ya walio hai. Hata hivyo, mkao nao husema. Mzoga uliolala hueleza kifo. Uliokalishwa hudai kwamba kifo kilimkuta ndege pale pale alipokaa. Ndiyo maana watu walieneza kwamba ziwa hilo hugeuza viumbe kuwa mawe.

Kumbe heroe wadogo wengi wa Afrika Mashariki huanguliwa hapo hapo, na matope yale ya magadi huwazuia maadui wasiwafikie vifaranga.

Picha hiyo ningeitundika darasani kwa furaha, lakini kando yake ningeweka ya vifaranga.