Saa Moja kwa Siku: Ratiba ya Mazoezi na Ustadi wa Mikono

Idara ya Posta ya Uingereza, ilipokuwa ikieneza matumizi ya msimbo wa posta, ilihitaji watumishi waliozoea kuchambua barua kwa mkono wajifunze kukaa mbele ya mashine, kuusoma msimbo kila bahasha ijapo mbele ya macho, na kuupiga kwa vidole kama apigavyo taipu karani hodari. Na maadamu mtumishi aliye darasani hayupo kazini, suala la kugawanya saa za mazoezi lilikuwa suala la mali, si la udadisi tu. Wanazuoni wawili wa saikolojia, Alan Baddeley na D. J. A. Longman, walilipima, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1978, yangali yanastahili kusomwa na kila mwenye dhamana ya kufundisha kazi ya mikono.

Waliwagawa wanafunzi mafungu manne: la kwanza saa moja tu kwa siku, la pili vipindi viwili vya saa moja moja, la tatu kipindi kimoja cha saa mbili, na la nne vipindi viwili vya saa mbili mbili, yaani saa nne kila siku. Waliopewa saa moja walivijua vitufe vyote baada ya saa zipatazo 35, ilhali wenzao wa saa nne walihitaji kadiri ya 50. Tena kiwango walichokifikia wale wa kwanza kwa saa 55, wa mwisho hawakukipata ila baada ya saa 80. Lakini kalenda nayo ina hesabu yake: saa 35, kwa siku 5 za kazi katika juma, ni majuma 7, ilhali saa 50 za fungu la nne ni siku 13 tu.

Na hapa pana jambo linalonishughulisha kuliko yote. Walipoulizwa rai zao, wale waliojifunza kwa saa chache kuliko wote ndio walioridhika kidogo kuliko wote. Naona sababu yake si ya kutafutwa mbali: mwanafunzi huhesabu siku, akamwona mwenziwe aliyeanza naye Jumatatu amekwisha mpita, wala hakumbuki kwamba huyo ametumia saa mara nne ya zake. Kwa hiyo ridhaa ya mwanafunzi, ingawa ina heshima yake, si mizani ya kupimia ratiba.

Mwaka 1979, huko Marekani, John Shea na Robyn Morgan walionyesha kwamba wepesi wa siku ya mazoezi nao huweza kuhadaa, safari hii ndani ya kipindi chenyewe. Mtu alishika mpira wa tenisi, akaangusha vizuizi vidogo kwa mfuatano uliowekwa, kwa haraka awezavyo. Mifuatano ilikuwa 3, na kila mmoja ulirudiwa mara 18. Waliomaliza mfuatano mmoja kabla ya kuingia mwingine walikuwa wepesi zaidi siku ya mazoezi. Waliochanganyiwa walisitasita, lakini walipopimwa baada ya siku 10 ndio waliotangulia. Hueleza baadhi ya wanazuoni kwamba anayechanganyiwa hulazimika kuuunda mpango wa mwendo upya kila mara, na taabu hiyo ndiyo inayoukaza katika kumbukumbu. Nje ya maabara tofauti hiyo aghalabu hupungua, wala si haki kuificha.

Basi mkuu wa kazi anayehitaji watu kwa juma la tatu na achague saa nne, ajue tu kwamba analipa saa nyingi zaidi. Na mwalimu asiyebanwa na tarehe nampa rai hii: agawe vipindi vifupi, achanganye mazoezi, na mtihani asiutoe jioni ya siku ile ile, bali baada ya siku kadhaa.