"Kipoza mvuke" au "kitonesha mvuke"? Uhakiki wa istilahi

Istilahi hupimwa kwa ukweli wa jambo linalotajwa, wala si kwa wepesi wa kutamkika tu. Katika mitambo ya umeme iendeshwayo kwa mvuke, mathalani ile ya Olkaria nchini Kenya, mvuke uliokwisha kuzungusha turbini huingia katika chombo unamogeuka tena kuwa maji. Chombo hicho kikiitwa "kipoza mvuke", mwanafunzi hudhani kwamba mvuke unashuka halijoto tu, kama chai iliyoachwa kikombeni. Sivyo. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa, kilo moja ya mvuke wa nyuzi 100 hutoa kilojuli 2,257 hivi igeukapo maji, na maji hayo yangali na nyuzi 100. Yakishuka kwa nyuzi moja, hutoa kilojuli 4.2 tu. Jina hilo limetaja sehemu ndogo, likaificha kubwa.

Mpishi wa lutuku huko Alunguli, ng'ambo ya Lualaba mkabala na Kindu, hungojea tone litokalo katika mrija uliopozwa kwa maji. Kwa mantiki hiyo, "kitonesha mvuke" ni jina bora. Hata hivyo lina dosari: juu ya mabomba ya mitambo mikubwa, kwa kawaida maji hutanda kama utando kabla ya kudondoka, na utando huo huzuia joto kupita. Dosari hiyo mwalimu aweza kuikamilisha kwa maelezo. Kosa la "kipoza" humlazimu kulibomoa kwanza.