Uhakiki wa Istilahi: Mashine ya Vinywaji Isiyopoza

Imetufikia karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ndani ya mlango wa mashine ya kuuzia vinywaji, zile mashine ambazo mnunuzi hutia sarafu au noti, akabonyeza kitufe, na kopo la soda likaanguka chini. Karatasi hiyo imefasiriwa kutoka lugha ya kigeni, na hilo peke yake ni jambo la kupongezwa, maana fundi aitwaye kuitengeneza mashine ana haki ya kuelezwa kazi yake kwa lugha anayoielewa. Hatutamtaja aliyeifasiri wala kampuni iliyoitoa. Nia yetu ni kuyapima maneno yaliyotumiwa katika sehemu inayohusu mashine isiyopoza, kwa sababu hapo kosa la neno limezaa kosa la mkono.

Kichwa cha sehemu hiyo ni "Utatuzi wa Shida za Baridi". Shida ni ya mtu. Mashine huwa na hitilafu, kasoro au ubovu. Tena kinachoelezwa chini yake si utatuzi, bali ni namna ya kuitafuta hitilafu ilipo, kazi ambayo huutangulia utatuzi kama vile daktari ampimavyo mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa. "Kutafuta Hitilafu za Upozaji" kingetosha. Lakini hili ni dogo.

Kubwa ni neno baridi. Karatasi yasema: "Mashine isipotengeneza baridi ya kutosha, ongeza gesi." Sentensi hii ni Kiswahili safi, wala mwalimu wa sarufi hana pa kuitia wino mwekundu. Ubaya wake umo katika dhana. Mashine ya kupozea haitengenezi baridi. Hulichukua joto lililomo ndani ya kabati na kulitupa nje. Ndani ya mabomba yake mna kimiminika ambacho huchemka kwa urahisi mno. Kile kiitwacho R-134a, kwa mfano, huchemka katika nyuzi 26 hivi chini ya sifuri, kwa kanieneo la kawaida la hewa. Kinapochemka katika mabomba yaliyo upande wa vinywaji hulinyonya joto lao, kikageuka mvuke. Mvuke huo hushindiliwa na kompresa ukazidi kupata moto, kisha hupitishwa katika mabomba ya nje, ambako feni huupepea hata joto likatoka na mvuke ukawa kimiminika tena. Kopo moja la mililita 330 likishushwa kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 5 hutoa joto la kilojuli 35 hivi. Makopo yakiwa mia tatu, joto lote hilo sharti lipite katika mabomba ya nje na kumwagwa ukumbini, na ndiyo maana asimamaye karibu na mashine huhisi fukuto miguuni.

Sasa fundi aliyeambiwa kwamba mashine hutengeneza baridi atatafuta kitu cha baridi kilichopungua, naye atakishuku kile asichokiona, yaani gesi. Aliyeambiwa kwamba mashine hutoa joto atajiuliza ni nini kinachozuia joto lisitoke. Huyu wa pili ataona kuwa mashine imesukumwa hata ikagusa ukuta, kwamba vumbi limefuma blanketi juu ya mabomba, au kwamba feni imekwama kwa kipande cha karatasi. Huenda akamaliza kazi yake kwa brashi tu, pasipo kununua chochote.

Wapo wanaolieleza neno jokofu kuwa ni joko lililokufa, yaani tanuri la mfinyanzi lililozimika. Kama ndivyo, aliyelibuni alikuwa na jicho la kishairi, ingawa joko lenyewe halijafa hata kidogo: limehamia mgongoni. Hatulipingi neno hilo, kwani limekwisha kukaa, na jina la kitu halilazimiki kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Sentensi ya maelekezo ndiyo isiyokuwa na ruhusa hiyo.

Tukija kwenye majina ya sehemu za mashine, tunakutana na agizo hili: "Safisha kikoleza kila mwezi." Kwa muda mrefu hatukuelewa kikoleza ni kitu gani. Kiswahili hukoleza moto, hukoleza rangi, hukoleza chumvi katika mchuzi. Hatimaye tulitambua kwamba mfasiri alikusudia yale mabomba ya nje ambamo mvuke hugeuka kimiminika, yaitwayo na mafundi kondensa. Bila shaka alilikuta katika kamusi yake neno lenye maana mbili, ya kuzidisha ukali wa kitu na ya kuugeuza mvuke kuwa matone, akachagua ile isiyohusika. Tumweke fundi mbele ya agizo hilo. Anajua kuwa zipo mashine zinazochanganya maji na sharubati kali. Ataona kuwa hii ya makopo haina sharubati. Ataamua kwamba kifungu hicho kimeandikwa kwa ajili ya mashine nyingine, naye atakiruka. Basi kazi iliyo rahisi na yenye manufaa kuliko zote katika karatasi nzima haitafanywa, na kompresa itaendelea kuunguruma ikisukuma joto lisilo na pa kutokea, mpaka ijizime yenyewe au iungue.

Wapo watakaopendekeza kitonesha, kutokana na mtonesho wa vitabu vya sayansi. Darasani neno hilo lina haki yake. Lakini fundi hapo haoni matone. Anaona mabomba ya moto yenye vumbi. Rai yetu ni kulikubali kondensa na kuliongezea maelezo mara ya kwanza litajwapo: mabomba ya kutolea joto. Kwa wale wanaochukizwa na maneno yaliyotoka ng'ambo, twawakumbusha kwamba sarufi, kamusi na hata istilahi yenyewe yalikuja kwa jahazi.

Mabomba ya ndani yameitwa kivukizo. Msomaji wa pwani atacheka, maana kuvukiza ni kazi ya udi na ubani, na kivukizo hakiko mbali na chetezo. Kisayansi mfasiri hajakosea sana, lakini evapareta, au mabomba ya kupozea, ingemfikisha fundi mapema zaidi. Kompresa nayo imepewa majina matatu katika ukurasa mmoja: kompresa, kigandamizi na pampu. Lolote kati ya hayo lingevumilika. Yote matatu kwa pamoja humfanya fundi atafute vitu vitatu. Na ile barafu inayoganda juu ya evapareta, hata hewa ikashindwa kupita, imeitwa theluji. Theluji huanguka kutoka angani. Hii hutokana na unyevu wa hewa uingiao kupitia mpira wa mlango uliochakaa, jambo la kawaida katika miji ya pwani, na mafundi wote huiita barafu.

Limebaki neno gesi. Mitaani husemwa "gesi imeisha", kama mafuta ya taa yaishavyo katika kibatari, na karatasi imeifuata lugha hiyo. Katika mzunguko uliofungwa pande zote gesi haiishi, huvuja. Kilichoisha hujazwa, bali kilichovuja huzibwa kwanza. Fundi ajazaye bila kuziba ataitwa tena, na gesi aliyoijaza itakuwa imekwenda angani. Watumishi wa serikali wanaoshughulikia mikataba ya mazingira wanalijua jambo hili. R-12 ya zamani iliharibu tabaka la ozoni, ikaondolewa hatua kwa hatua kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. R-134a iliyoshika mahali pake haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yametaka gesi za jamii yake zipunguzwe. Baadhi ya mashine mpya hutumia propani, ambayo imo pia katika gesi ya kupikia na hushika moto upesi. Kumwambia "ongeza gesi" mtu mwenye moto wa kulehemu mkononi, bila kutaja ni gesi ipi, ni hatari. Iandikwe gesi ya kupozea, pamoja na namba yake kama ilivyo katika kibandiko cha mashine.

Kifungu chote tungekifasiri hivi:

"Vinywaji visipopoa, chomoa waya wa umeme, kisha tazama kama joto lina njia ya kutokea. Iache nafasi kati ya mashine na ukuta. Pangusa vumbi lililoziba kondensa (mabomba ya kutolea joto). Tazama kama mpira wa mlango umekaza, na kama barafu imeziba evapareta (mabomba ya kupozea). Ikiwapo, iache iyeyuke yenyewe, usiichokoe kwa kisu. Rudisha umeme, uhakikishe kuwa feni zote zinazunguka. Makopo yaliyopakiwa leo yakiwa na joto huenda yasiwe tayari hadi kesho. Mfereji wa gesi ya kupozea usifunguliwe ila na fundi aliyefunzwa, naye azibe panapovuja kabla ya kujaza."

Kifungu hiki ni kirefu kuliko cha karatasi. Kuhusu evapareta tungependa kusikia kutoka kwa walimu wa vyuo vya ufundi na kwa mafundi wenyewe, wa bara na wa pwani, ni neno gani wanalolitumia wanapofundishana kazi.