Kiima Kilichofutwa: Mlalamikaji na Waziri katika Mau Mau Detainee

Aghalabu Mau Mau Detainee (1963) ya Josiah Mwangi Kariuki husomwa kama tawasifu ya mzalendo: kijana aliyekamatwa mwaka 1953, akapitishwa katika kambi kumi na nne, akatoka mwaka 1960 bila kuvunjika. Usomaji huo una haki yake, lakini unaficha jambo moja la msingi. Katika sehemu nzito za simulizi, silaha ya mhusika mkuu si panga wala kiapo, ni barua. Makala haya yanadai kwamba kiini cha kitabu kimo katika barua hizo za malalamiko, zilizopenyezwa nje ya kambi kwa siri na kupelekwa kwa wakubwa wa Nairobi na London. Swali lake si nani alipiga tu, bali nani, aliye juu ya mpigaji, atawajibika.

Nyeri haikulisoma swali hili vitabuni. Kutoka Gakindu katika Mukurwe-ini hadi Mathira, miaka ya Hali ya Hatari ilikuwa ya vijiji vilivyozungushiwa mitaro na nyumba zilizopungukiwa na wanaume. Wazazi wa Kariuki walitoka Chinga. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, naye aliandika shajara ya kizuizini iliyochapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Tofauti yao inafaa kuzingatiwa. Gakaara anawaandikia Wagikuyu, kwa Kigikuyu, ili kumbukumbu isipotee. Kariuki anaandika kuelekea juu. Analalamikia chakula na vipigo, anawashtaki maafisa kwa kanuni za serikali yao wenyewe, na anaadhibiwa kwa kuandika. Hata hivyo haachi, kwa sababu utanzu wenyewe wa barua ya malalamiko umejengwa juu ya imani moja: kwamba mkubwa hajui, na akijua atachukua hatua.

Hapo ndipo penye udhaifu wa kitabu, na pia uchungu wake. Alan Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni kuanzia 1954 hadi 1959, hakuwa msomaji asiyejua. Mkuu wa polisi, Kanali Arthur Young, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 1954 kwa sababu ya maovu ya vikosi vya serikali, na barua yake haikuchapishwa. Mnamo Juni 1957 Gavana Evelyn Baring alimwandikia Waziri kuhusu mbinu iliyokuwa ikitumika katika kambi za Mwea, chini ya Mlima Kenya, ya kuwavunja mahabusi wapya kwa nguvu. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alikwisha kuandaa maelezo ya namna ya kupiga: viungo gani vya mwili viepukwe, na mpigaji awe na utulivu gani. Mlalamikaji alikuwa akimpasha habari mtu aliyekwisha kupashwa.

Jibu la wakubwa lilikuja kwa sarufi. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusi 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilieleza kwamba watu kumi walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Hakuna uongo wa waziwazi katika sentensi hiyo, na huo ndio ufundi wake. Kitenzi 'kufa' hakihitaji mtenda. Kirai cha wakati kinasimama mahali pa sababu, na msomaji anaunganisha mwenyewe. Uchunguzi wa hakimu ulirudisha mtenda mahali pake, lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Katika mjadala wa Julai 1959, Enoch Powell, mbunge wa chama cha Waziri mwenyewe, ambaye hakuna atakayemdhania kuwa rafiki wa Mau Mau, alisisitiza kuwa lawama haiwezi kuachwa kwa maafisa wa kambi ilhali mpango ulipitishwa na waliokuwa juu yao. Lennox-Boyd alitaka kujiuzulu; Waziri Mkuu Macmillan alikataa.

Mtindo huo haukufa na ukoloni. Tamko la William Hague bungeni tarehe 6 Juni 2013, lililoambatana na fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, lilitambua mateso na kuyajutia, kisha likakana dhima ya kisheria. Majuto yanamhitaji mtendwa tu. Dhima ingemhitaji mtenda.

Wahakiki wanaoisifu hitimisho la kitabu kwa moyo wake wa maridhiano husahau kwamba mwandishi alilimaliza akiamini kuwa uhuru ungeleta wakubwa wanaojibu barua. Tarehe 3 Machi 1975, siku ileile ya Hola baada ya miaka 16, mwili wa Kariuki, sasa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ulipatikana Ngong. Kabla haujatambuliwa gazeti liliandika kwamba alikuwa Zambia. Ni gari la maji kwa sura nyingine. Kamati teule ya Bunge chini ya Elijah Mwangale iliwasilisha ripoti Juni 1975, ikawashutumu polisi kwa kuficha ukweli. Lakini kabla ya ripoti kufika bungeni, jina la Mbiyu Koinange, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, liliondolewa kwa amri ya Rais Kenyatta.

Hakuna mahakama iliyowahi kumtia Koinange hatiani, wala iliyompa nafasi ya kujisafisha; jina lililofutwa haliwezi kufanyiwa lolote kati ya hayo. Kwa mhakiki, ukurasa huo ni sehemu ya matini ya Kariuki, sura ambayo hakuiandika. Mwaka 1959 serikali ilipanga sentensi ili kiima kisiulizwe. Mwaka 1975 kiima kilikuwa kimeandikwa tayari, ikabidi kikatwe. Ripoti ilipopigiwa kura, Masinde Muliro aliipigia kura ya kuikubali, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifutwa kazi.