Jina Lisilo Kwenye Boksi

Kichupa chenyewe ni kidogo, mililita moja hivi. Kimekaa miaka ndani ya mvuke wa nitrojeni, kwenye baridi ya karibu nyuzi 190 chini ya sifuri, na mamilioni ya seli zimelala ndani yake. Fundi anakishusha kwenye maji ya nyuzi 37 na kukizungusha taratibu, jicho halibanduki. Hangoji barafu iyeyuke yote. Ikibaki chembe tu anakiopoa, kwa sababu ile kemikali iliyozikinga seli zisipasuke kwa baridi huanza kuzidhuru zikipata joto, na inabidi izimuliwe haraka. Ni kazi ya dakika chache. Wiki nyingi za kazi na mamilioni ya dola vinaanzia hapo, na mara nyingi kichupa si mali ya kiwanda kinachokifungua.

Hivyo ndivyo dawa nyingi za bayoteknolojia zinavyotengenezwa siku hizi: kampuni moja inavumbua, nyingine inazalisha kwa mkataba. Lonza, iliyoanza mwaka 1897 huko Uswisi kwa umeme na kemikali, leo inakuza seli za wateja katika mji wa Visp. Hata chanjo ya Uviko-19 ya Moderna ilipitia mikononi mwake. Mgonjwa hajui. Boksi lina jina la mteja.

Sifa zote humwendea mvumbuzi, na sidhani kama ni haki. Kidonge cha kawaida ni kemia: fuata hatua, molekuli itatoka ileile. Kingamwili ya kutibu saratani au baridi yabisi ni protini kubwa mno, na anayeweza kuitengeneza kwa wingi ni kiumbe hai. Nyingi hutoka kwa ukoo wa seli za ovari ya hamsta wa China, ulioanzishwa na Theodore Puck huko Denver mwaka 1957. Hamsta mwenyewe amekufa zamani, seli zake bado zinagawanyika. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza iliyotokana na seli hizo, ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Kutoka kichupani seli huhamia chupa inayotikiswa, kisha tangi dogo, kisha kubwa zaidi, mpaka lita 10,000 au kupita. Hujigawa mara moja kwa siku hivi, na hakuna wa kuziharakisha. Anayedhani kukuza tangi ni hesabu ya kuzidisha tu amuulize mpishi wa shughuli: pilau ya watu 300 haipatikani kwa kuzidisha mara hamsini ile ya watu sita. Ndani ya tangi kubwa maji yana kina cha mita kadhaa, na hewa ukaa ambayo katika chupa ilitoka yenyewe sasa inajikusanya na kuzisonga seli. Zinahitaji oksijeni, basi unapuliza. Ukipuliza unapata mapovu. Seli ya hamsta haina ukuta kama ya mmea, ina utando mwembamba tu, na povu linapopasuka juu ya maji, seli zilizolinatia huchanika nalo. Ukoroge kwa kasi? Unaziumiza. Ukoroge polepole? Zinakosa hewa. Mafundi huweka kemikali ya kuzuia seli zisinate kwenye mapovu, huchagua ukubwa wa matundu na umbo la mapanga ya kukorogea, halafu hukesha na tangi hilo wiki mbili, wakilisha na kupima, zamu kwa zamu.

Na hawatafuti dawa iliyo bora. Wanatafuta ileile. Kila kingamwili hubeba minyororo midogo ya sukari inayobandikwa na seli zenyewe. Badilisha kidogo joto, chakula au asidi ya maji, sukari inapungua hapa na kuzidi pale, na dawa inaweza kufanya kazi tofauti mwilini. Mteja huleta maelekezo ya kurasa chungu nzima, lakini yapo mambo ambayo hakuyaandika kwa kuwa hakujua kwamba yana uzito: bomba lililozidi urefu, saa ambazo maji ya seli yalisubiri kabla ya kuchujwa. Fundi wa mkataba lazima ayanuse hayo, kisha afute kila alama ya mkono wake. Akionekana ana mtindo wake, bechi inatupwa.

Mwaka 1998 kampuni ya Immunex ya Seattle ilipata idhini ya Enbrel, dawa ya baridi yabisi. Iliyokuwa ikiizalisha ni Boehringer Ingelheim, huko Biberach, Ujerumani. Wagonjwa wakawa wengi kuliko uwezo wa matangi, na ilipofika 2001 wagonjwa wapya Marekani waliandikishwa kwenye foleni. Dawa ilishajulikana na wanunuzi walikuwepo. Kiwanda kingine, cha Rhode Island, kilipata kibali mwishoni mwa 2002. Tangi halinunuliwi Jumatatu likatoa dawa Ijumaa.

Kuna pia usafi, kazi isiyopigwa picha. Bechi ya mteja mmoja ikitoka, kostiki soda hupitishwa kwenye mabomba, maji ya mwisho ya kusuuza hupimwa, pamba hupitishwa kwenye kona za chuma na kupelekwa maabara, na kila hatua inatiwa saini na mtu wa pili. Mwaka 2021, katika kiwanda cha Emergent huko Baltimore, chanjo mbili zilikuwa zikitengenezwa chini ya paa moja; malighafi ya AstraZeneca ikaingia kwenye ile ya Johnson & Johnson, na kiasi cha kutosha dozi milioni 15 hivi kikaharibika.

Samsung Biologics ilianzishwa mwaka 2011 kwenye ardhi iliyotwaliwa baharini huko Incheon, Korea Kusini, ili izalishe dawa za wengine. Mwaka 2013 ilisaini na Bristol-Myers Squibb na Roche, mikono ikazoea kazi kwa dawa za wenzao, na leo matangi yake yanazidi lita 700,000. Aspen ya Afrika Kusini nayo ilijaza chupa za chanjo ya Johnson & Johnson huko Gqeberha kwa mkataba; mwaka 2022 ikaruhusiwa kuiuza kwa jina lake, Aspenovax, na oda hazikuja. Na kujaza chupa ni hatua ya mwisho tu ya safari hii. Kila nikisikia mipango ya viwanda vya kingamwili barani mwetu, naona hesabu ya majengo na matangi imeshapigwa. Ninayemtafuta katika mipango hiyo ni mteja atakayeleta kazi ya bechi ya tatu, ya kumi na ya hamsini.