Fundi wa Dema na Pepo Zake Mbili

Dema, mtego wa samaki, husukwa kwa mianzi iliyopasuliwa nyembamba, macho yake yakiwa na pembe sita. Mlango wake ni njia inayobana kuelekea ndani: samaki hupita akisukuma ncha laini za fito, na akitaka kutoka hukuta ncha zile zile zimemwelekea. Kusuka, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Nusu ngumu ni kujua dema litegwe wapi na lini, na hapo ndipo mvuvi wa Unguja na Pemba anapostahili sifa zake.

Upepo wa kusi hushika kuanzia Aprili hadi kama Septemba. Maji hupoa na kuchafuka, na mkondo wa kwenda kaskazini hukimbia. Vyombo vidogo havithubutu kuvuka mwamba. Madema huongezewa mawe na kutegwa ndani, penye majani ya bahari, ambako tasi na changu hupata malisho. Chambo cha tasi ni mwani, si minofu, maana tasi ni mla majani. Ukifika upepo wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia, maji huwa safi na joto lake hukaribia nyuzi 29 au 30. Hapo wenye mishipi hufuata nguru na jodari nje, na dema nalo hushushwa ukingoni mwa mwamba, kwa chewa na pono.

Ndani ya kila msimu kuna mwezi. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Dema lililotegwa juu mno huachwa kavu, na wanawake hupita miambani wakichokoa pweza. Maji mafu ndiyo rafiki wa mtegaji. Wavuvi wa dagaa hesabu yao ni nyingine: hutaka giza, kwani mbalamwezi huzishinda taa zao.

Hesabu hizi zote zina mpaka. Joto la mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya pwani hii, na mwamba uliokufa hauwapi samaki maficho hata msimu ukiwa mzuri kiasi gani. Dema lenye macho madogo nalo hukamata wachanga. Dawa yake ni rahisi, na imeshajaribiwa pwani ya Kenya: mwanya mwembamba huachwa pembeni mwa mtego, wadogo wakapenya na wakubwa wakabaki.